Mawe Yasiyoanikwa

Shamba la baba mkwe wangu, Mzee Ogari, linaanzia juu, kwenye barabara ya Ekerenyo, na kuteremka moja kwa moja hadi mtoni. Juu kabisa ilikuwa nyumba yake. Chini ya nyumba ilikuwa chai, chini ya chai migomba, na chini ya migomba nyumba ambayo mume wangu Abner alitujengea tulipooana. Alichagua kule chini kwa sababu maji yalikuwa karibu, na wakati huo bado alikuwa na kifua cha kupandia mlima. Naandika mpangilio huu kwanza, maana siku hizi chai imeng'olewa nusu na njia yenyewe imeota nyasi, na mtu akipita pale leo hawezi kujua nani aliishi wapi.

Abner alikuwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda chake sokoni Ekerenyo mpaka moyo ulipoanza kumsumbua. Ni ugonjwa uliompata utotoni, homa ya viungo, ukajificha ndani miaka yote hiyo. Daktari alimwambia asipande milima, akae mahali pa tambarare.

"Daktari huyo kwao ni wapi?" Abner aliniuliza tukirudi nyumbani. "Nyamira nzima tambarare ni uwanja wa mpira, na hata huo umeinama."

Tangu siku hiyo alifanya kazi zake mezani, nyumbani kule chini, na mimi nikawa nazipeleka redio sokoni na kuzirudisha.

Kwetu baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Si ugomvi. Ni heshima, tunaiita chinsoni, na hakuna aliyewahi kuiona kuwa ngumu mpaka Abner aliposhindwa kupanda. Mzee Ogari, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba, akaanza kuteremka yeye mwenyewe kila jioni. Aliketi nje kwenye kigoda, Abner akaketi ndani karibu na mlango, na mlango ukabaki wazi katikati yao. Mvua ikinyesha Tata alivuta kigoda hadi ukutani, chini ya upenu, na mazungumzo yakaendelea. Walizungumza habari za ng'ombe, za bei ya chai, za watu waliokufa kabla sijaolewa. Mama mkwe alikuwa ametangulia, kwa hiyo nadhani Tata naye hakuwa na mtu mwingine wa kukumbuka naye.

Kisha ikaja ile mvua ya El Nino. Njia ya kwenye chai iligeuka sabuni. Tata aliteleza, akavunjika nyonga, na alipotoka hospitali alikuwa mtu wa fimbo mbili na wa kuzunguka ua wake tu. Basi mmoja akawa juu na mwingine chini, na kati yao shamba lao wenyewe.

Mimi nilikuwa napanda kila siku kumpelekea Tata chakula na kumchotea maji. Salamu zao zilipitia kwangu. Lakini jioni, saa ile ambayo angekuwa anateremka, Tata alisimama ukingoni mwa ua na kuita: "Abner! Uko?" Abner hakuwa na pumzi ya kuitikia mbali hivyo. Alishika redio iliyokuwa mezani, akaifungua sauti mpaka mwisho, kisha akaishusha. Kule juu tukasikia: "Haya." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Binamu yake Walter alikuja kumwambia kwamba yeye na vijana watatu wangeweza kumpandisha kwa kiti.

"Hapana," Abner alisema.

"Wewe ni mwepesi kuliko gunia la chai."

"Ndiyo maana. Nikifika kwa Tata nimebebwa na watu wanne, atajua wananizoeza safari gani. Nataka anione nikija nimekaa wima."

Walter alinitazama mimi, kisha akatazama chini. Hakurudia tena.

Wazo la baiskeli lilitoka kwenye mota ya feni, ile inayopoza injini ya gari. Abner alikuwa ameipata siku nyingi kutoka kwa gari lililogongwa huko Nyamira. Aliifunga nyuma ya kiti cha baiskeli yake nyeusi, akaitia gurudumu dogo la chuma lililokandamiza tairi, mota ikizunguka tairi nayo inazunguka. Ilifanya kazi vizuri sana baiskeli ikiwa imepinduliwa miguu juu. Shida ilikuwa umeme wa kuizungusha. Tulijaribu betri ya gari. Niliposhika usukani na yeye akaiweka betri kwenye keria ya nyuma, baiskeli ilinyanyua gurudumu la mbele kama mbuzi anayetafuta majani ya juu. Abner alicheka mpaka ikabidi akae.

"Hii ina nguvu ya kujibeba yenyewe tu," alisema alipopata pumzi. "Itafika kwa Tata, mimi nitabaki hapa nikiipungia mkono."

Ndipo akamkumbuka Arvind. Arvind alikuwa na duka la picha mjini Kisii, na alipiga video za harusi. Abner alikuwa amemtengenezea kaseti zake kwa miaka mingi na alijua kwamba chini ya kaunta kulikuwa na sanduku la betri za kamera zilizokufa, zile nyepesi za kisasa.

"Betri ikifa si kwamba mawe yote ndani yamekufa," alinieleza. Kwetu betri ndogo tunaziita mawe. Mawe ya tochi, mawe ya redio. "Moja likifa linawafungia wenzake mlango. Niletee hizo, nitawafungulia."

Nilienda Kisii. Arvind alilitoa sanduku akaliweka juu ya kaunta, akanitazama kwa huruma.

"Mama, hii yote imekufa. Mimi naweka tu kwa sababu kutupa roho inauma."

"Abner anasema ndani kuna wazima."

"Abner anasema?" Alifikiri kidogo. "Basi chukua yote. Ongeza na hii, ya kompyuta ya kubeba, bwana mmoja wa ofisi aliacha hapa."

Mama yake, Chandrakala, alikuwa ameketi pembeni akihesabu mafungu ya picha. "Harusi zote za Kisii ziko ndani hapo," alisema. "Mwambie Abner akifungua asikilize vizuri. Kama ataona bibi harusi analia, hiyo ni ya mtoto wa dada yangu. Alilia mpaka filamu ikaisha."

"Alikuwa na furaha, Mama," Arvind alisema.

"Wewe ulimwona bwana harusi?"

Nilirudi na mfuko mzito na karanga za pilipili alizonifungia Chandrakala kwa ajili ya mgonjwa.

Siku zilizofuata ni zile ninazozikumbuka zaidi. Abner alipasua maganda ya betri kwa kisu, na ndani yakatoka mawe membamba ya chuma, marefu kidogo kuliko yale ya redio ndogo. Tulikuwa na mabakuli matatu mezani. Alipima kila moja kwa mita yake, sindano ikipanda vizuri akalitia bakuli la wazima, ikisitasita bakuli la wagonjwa, isipoinuka bakuli la wafu.

"Mimi ungenitia wapi?" aliniuliza bila kuinua macho.

"Bakuli la wagonjwa limejaa," nilimwambia. "Itabidi ukae tu hapo ulipo."

Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa hiyo kuchomelea nilichomelea mimi, yeye akiongoza. Vipande vyembamba vya chuma vilitoka kwenye zile betri kuukuu, na kwa vipande hivyo tuliunganisha mawe kando kwa kando kufanya mafungu, kisha mafungu matatu kwa kufuatana, ili nguvu itoshe mota.

"Usikae na moto juu yake," alisema. "Fanya kama unaonja uji uliochemka. Gusa, toa. Haya si mawe ya tochi. Haya yana hasira. Hayapendi kugongwa, hayapendi moto, na ncha zake mbili zikigusana kwenye chuma kimoja, kimbia."

"Na wewe utakimbia?"

"Mimi nitakuwa nimekaa nikikungoja wewe uniondoe."

Tuliyafunga kwa kadibodi na kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Upande wa chini Abner aliuacha wazi, vile vipande vya chuma vikionekana, maana alitaka kuyapima mara moja tena yakishajaa umeme kabla ya kuufunga kabisa. Kifurushi kizima hakikuzidi mkate wa dukani. Alikishika mkononi, akakigeuza, na nikaona amekwisha kufika juu kwa mawazo.

Umeme ulikuwa sokoni tu. Nilikipeleka kwa Mathew, mchomeaji wa milango ya vyuma, pamoja na chaja ambayo Abner aliitengeneza mwenyewe, na nikakaa pale karibu siku nzima nikiangalia sindano ya mita, kwa kuwa Abner alisema yakijazwa kupita kiasi pia yanakasirika. Yalipojaa nikalala kwa dada yangu, maana giza lilikuwa limeingia, na asubuhi nikashuka nayo.

Nilipita kwa Tata kwanza kuwasha moto na kumchotea maji. Niliweka kifurushi kwenye kizingiti.

"Hiyo ni nini, mokamwana?" Tata aliuliza. Ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa mwanangu.

"Ni mawe ya baiskeli ya Abner, Tata. Kesho atapanda kuja kwako."

"Kesho?"

"Mungu akipenda."

Tata aliyatazama tu. Nikachukua mtungi nikaenda kisimani.

Kwa sababu ya ukungu uliofuata mvua tulikuwa hatujaliona jua kwa siku nyingi, na asubuhi ile, nikiwa kisimani, likatoka. Yeyote aliyekulia kwetu anajua mtu hufanya nini na mawe jua likitoka. Mawe ya redio yakichoka unayaanika. Unayapanga juu ya bati, yanapata joto, na jioni unasikiliza habari. Kila nyumba ilifanya hivyo, Tata alifanya hivyo tangu aliponunua redio yake ya kwanza. Uani kulikuwa na bati kuukuu ninapoanika wimbi. Mzee wa fimbo mbili aliacha fimbo moja, akakibeba kifurushi cha mwanawe kwa mkono mmoja, akavuka ua, na kukilaza juu ya bati, upande ulio wazi chini, chuma kwa chuma.

Niliporudi nilikuta harufu kali ya plastiki iliyoungua. Kifurushi kilikuwa kwenye matope, kikitoa moshi. Tata alikuwa amekisukuma huko kwa fimbo, naye alikuwa ameketi chini, kwenye ardhi yenye maji, akikitazama.

"Nimeiua baiskeli ya Abner," alisema.

"Hujaiua, Tata. Umeungua?"

"Niliona jua limetoka." Alijipangusa mikono kwenye koti. "Nilitaka tu yashibe. Ili yasimwache njiani."

Nilimsaidia kuinuka kwa kumpa fimbo, maana kumshika mkono haikuwa desturi, na nikakiokota kifurushi kilipopoa.

Abner alikipokea mezani. Kadibodi ilikuwa nyeusi upande mmoja. "Tata ameungua?" lilikuwa swali lake la kwanza. Nikasema hapana. Akaniuliza ilikuwaje nami nikamweleza yote, hata lile neno la kushiba. Alipitisha kidole juu ya tyubu iliyoyeyuka.

Jioni ile alikaa mkono wake ukiwa kwenye kitufe cha redio. Saa ilifika ikapita. Kule juu hakuna aliyeita. Siku ya pili vilevile. Nilipompelekea Tata chakula nilimwambia kwamba Abner anasema si neno, kitu kile kinatengenezeka. Alijibu "Ndiyo," akageuza uso. Siku ya tatu nilimwambia tena, akajibu "Ndiyo" ileile, na uji wa jana ulikuwa bado kwenye kikombe.

"Haamini," nilimwambia Abner.

"Hata mimi nisingeamini. Neno kama hilo halipelekwi na mtu mwingine." Alilivuta bakuli. "Lete mita."

Tulifungua kila kitu tukaanza upya. Waliobaki wazima hawakufika nusu. Sanduku la Arvind lilikuwa limekwisha, nililichukua lote mimi mwenyewe. Nilimuuliza kama hao wachache wangeweza kufika juu.

"Kwa mkupuo mmoja, hapana. Lakini mawe haya yakichoka ukiyaacha yapumzike, yanarudisha nguvu kidogo." Akatabasamu. "Kidogo tu. Kama mimi mwenyewe. Tutapanda kwa kupumzika."

"Na yakikataa katikati ya chai?"

"Basi nitakuwa nimefika katikati ya chai. Tangu lini sijafika hapo?"

Safari hii tulifunga kila upande. Nilikipeleka kwa Mathew, na niliporudi nilipita kwa Tata nikiwa nimekikumbatia, sikukiweka chini. Alikitazama mikononi mwangu na hakuuliza.

Tuliondoka baada ya chakula cha mchana. Abner alivaa koti lake la kanisani. Mota ilinguruma kwa sauti nyembamba na baiskeli ikaanza kwenda, mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Mimi nilikuwa nyuma, mkono kwenye kiti.

"Usisukume," alisema.

"Sisukumi. Nashikilia."

"Unashikilia kwa nguvu sana."

Mwisho wa migomba sauti ikaanza kushuka. Abner akazima kabla mota haijasimama yenyewe. Alikaa palepale juu ya baiskeli, mguu mmoja kwenye ukingo wa njia, kiganja chake juu ya kifurushi kupima joto. Nilisikia pumzi yake ikitulia polepole. Kisha akawasha, tukapanda tena, tukasimama, tukapanda.

Katika chai tulimkuta Walter na wachumaji wengine. Walinyoosha migongo.

"Abner, hiyo ni pikipiki au ni mashine ya kusaga?"

"Ni baiskeli ya wavivu. Ukitaka kupanda ukae nyuma ya huyu mama, kuna foleni."

Walicheka wote, na Walter alicheka zaidi ya wote, kisha akageuka haraka akaendelea kuchuma mahali ambapo alikuwa amekwisha kuchuma.

Kipande cha mwisho chini ya ua ndicho kikali kuliko vyote. Pale mota ilisimama kabisa. Abner alikuwa na rangi ya majivu. Nilitaka kumwambia tuwaite wachumaji, nikaona jinsi alivyoushika usukani, nikaacha.

Tata alikuwa ameisikia sauti. Alitokea ukingoni mwa ua na fimbo zake mbili, akatuona chini yake. Hakuita. Aliinua fimbo moja akaitanguliza kwenye njia, kule alikoangukia.

"Tata, kaa hapo," Abner alisema. Haikuwa sauti ya juu. Umbali ule haikuhitaji kuwa ya juu. "Kaa hapo. Nakuja."

Tata aliirudisha fimbo.

Tukangoja, sisi watatu. Abner aliwasha, baiskeli ikaenda kiasi cha mistari michache ya chai, ikasimama. Tukangoja. Ikaenda tena, pungufu ya mara ya kwanza. Tukangoja zaidi. Mara ya mwisho ilijivuta mpaka gurudumu la mbele likagusa udongo uliofagiwa wa uani, mbele ya miguu ya Tata, na Abner akashuka mwenyewe, akasimama wima, akamsalimu baba yake.

Waliingia ndani. Mimi niliketi kizingitini, nikasikia Tata akivuta kiti, si kigoda, kile kiti cha mbao cha wageni.

"Umekuja kuniuliza habari ya ule moshi," Tata alisema.

"Nimekuja kukaa."

"Niliyaanika, Abner."

"Najua, Tata. Nami ningeyaanika. Hakuna aliyekuambia hayapendi jua."

Moto ulilia kidogo. "Mawe yasiyopenda jua," Tata alisema, kama mtu anayeonja kitu. "Basi hayo si mawe."

"Si mawe."

"Ni nini?"

"Hata mimi sijui yaitwe nini. Arvind anayaita takataka."

Sikuwa nimemsikia Tata akicheka tangu alipoanguka. Kilikuwa kicheko cha kukohoa, na Abner akakohoa naye, na kwa muda sikuweza kutofautisha nani ni nani. Kisha wakaanza habari za ng'ombe aliyekuwa anakaribia kuzaa, na za ua wa upande wa Nyasani, jirani yetu, ambao kila mwaka unasogea kidogo kuingia kwetu. Nilichemsha chai nikawapelekea, wakapokea bila kuacha maneno.

Nilipoona kivuli cha nyumba kimefika kwenye chai, nilikohoa mlangoni kumkumbusha Abner kwamba njia ya kushuka haina taa. Alianza kujiinua.

"Kaa," Tata alisema. "Bado mapema."

Haikuwa mapema. Wachumaji walikuwa wamekwisha kupita na makapu yao kuelekea barabarani, na kuku walikuwa wanaingia. Abner alitazama nje kupitia mlangoni, akaniona, akaona giza lililokuwa nyuma yangu.

"Ndiyo, Tata," alisema, na kukaa tena. "Bado mapema."